Forester turbo inakamata upepo fasi gani? Ralanti inacheza, moshi mweusi, kodi P0171

Mwana_Himbi (Goma)

Jambo wandugu bote. Naomba musaada juu nilisha choka na pesa inaisha. Niko na Subaru Forester ya turbo, motere EJ20, yenye kutoka Japani, naiendesha hapa Goma mwaka wa pili sasa. Myezi tatu hivi ralanti (motere ikizunguka bila kufinya gazi) inacheza, sindano ya mizunguko inashuka mupaka 500, inaruka 1,000, inashuka tena, gari yote inatetemeka sawa mutu wa malaria. Asubui motere ikiwa ya baridi haionekane sana, ikisha pata moto njo inaanza, zaidi nikisimama ku ronpwe ya Chukudu mu ambutiyaji.

Kitu chenye kinanisumbua akili ni hiki. Nikipanda njia ya Kibati nikifinya gazi, ile saa turbo inaanza kusukuma nasikia shiiii chini ya kapo, nguvu inakatika, na nyuma kunatoka moshi mweusi. Skaneri inatoa P0171, ni kusema upepo ni mingi na esansi ni kidogo. Sasa kama esansi ni kidogo, ule moshi mweusi unatoka wapi? Niliuliza iyo swali mu garaji, hakuna mwenye alinijibu. Walibadirisha bujii zote ine, wakaosha debimetri (yenye kupima upepo yenye inaingia), wakaweka sonde ya lambda mupya (yenye kupima oksijeni mu moshi), dola 140 ikaenda na ralanti iko vile vile. Sasa wananiambia eti turbo imekufa nitafute ingine, ao ni pompe ya esansi. Sitaki kununua kitu ingine mbele sijaelewa. Kuko mutu alisha pita mu hii shida?

Fundi_Birere (Goma)

Kaka usinunue turbo. Turbo yenye kufa inapigaka kelele ya chuma, ao inakunywa mafuta na kutoa moshi ya buluu, haiwezi fanya ralanti icheze vile unaeleza. Gari yako inakamata upepo fasi fulani, kazi ni kuijua ile fasi.

Mbele ya kufungua visi hata moja niletee namba. Mu skaneri tafuta marekebisho ya esansi (asilimia ya esansi yenye kompyuta inaongeza ao inapunguza), ziko mbili, moja ya sasa hivi na moja ya muda murefu, uzijumulishe. Soma ku ralanti motere ikiwa ya moto, kiisha shikilia 2,500 dakika moja hivi na usome tena. Kama ku ralanti iko juu sana na ku 2,500 inarudi karibu na sifuri, tundu iko nyuma ya papiyo (kile kifuniko chenye gazi inafungua kupitisha upepo), mu kolekteri (yenye inagawa upepo ku silinda) ao ku tiyo zenye zinashikama nayo. Ni juu ku ralanti motere inakunywa upepo kidogo sana, kwa hiyo ile yenye inapita mu tundu inaonekana mingi, ukiongeza gazi tundu inabaki ile ile lakini upepo ya kawaida inakuwa mingi na inaifunika. Kama ni kinyume, kama namba inapanda vile unafinya, basi twende tuangalie pompe, filtre ya esansi ao debimetri yenye inadanganya.

Na ukiwa unangoja, shika kolye zote (pete za kukaza tiyo) na mukono, moja moja, toka ku bokisi ya filtre mupaka ku papiyo. Barabara zetu unazijua, haya mawe ya volkano yanalegeza kila kitu. Mbili kati ya gari tano za turbo zenye zinafika kwangu ni paka kolye.

Panzi_04 (Bukavu)

Kuko njia ya haraka zaidi. Washa motere, kamata bombe ya kuosha karbirateri, piga kidogo kidogo fasi zote kolekteri inaungana na tiyo, kuzunguka papiyo, ku enjekteri. Fasi yenye utapiga na ralanti inapanda, njo tundu iko pale. Shiye huku Bukavu tunafanyaka vile toka zamani, dakika tano umeisha kazi.

Fundi_Birere (Goma)

Yaya wa Bukavu nakuheshimu, ile njia inafanyaka kazi ku motere ya kawaida yenye haina turbo, lakini ku hii gari nakuomba usimwambie mutu. Ku EJ20 turbo imekaa juu kabisa, nyuma upande wa kuume, karibu na intakula (yenye kupoza upepo ya turbo), na chuma yake nyuma ya safari inafika digri mia kazaa. Ile bombe inashika moto mbio. Nilisha iona na macho yangu, kijana alipiga mara tatu tu, ya ine moto ikaruka toka kwenye turbo ikakamata waya na mpira, tulizima na muchanga na blanketi, kapo ikaungua rangi yote. Kijana alipona, mukono wake bado uko na alama. Na kuko bombe za kuosha freni zenye ziko na klorini, ile ikiungua moshi yake ni sumu ya mapafu, mutu hawezi cheza nayo mu garaji yenye kufungwa.

Kama unataka kunyunyiza kitu, chukua maji ndani ya chupa ya kupigia maua. Maji ikiziba tundu sekunde moja, ile sauti ya shiii inabadirika na ralanti inatulia kidogo. Haina nguvu sawa bombe lakini hakuna mutu atalala hospitali.

Katuba_Turbo (Lubumbashi)

Minawasalimia bote toka Lubumbashi. Miye nafanyaka paka motere za turbo, za esansi na za mazutu, na minataka kujibu ile swali ya moshi mweusi juu njo swali ya maana sana na ni haya kabisa garaji ilikosa kujibu mutu mwenye alilipa pesa yake.

Tundu yako ni moja lakini inafanya kazi mbili. Ku ralanti papiyo imefungwa, mulemule ndani ya kolekteri presio ni chini, tuseme 35 kPa (kipimo ya presio), na inje hapa kwenu Goma ni karibu 85. Upepo ya inje inakimbilia ndani kupitia tundu. Ile upepo haikupita mbele ya debimetri, kwa hiyo kompyuta haiijui, inaleta esansi ya upepo yenye iliona, sonde ya lambda inasema hapana esansi haitoshe, kompyuta inaongeza, inaongeza, mupaka inafika mwisho wake na kuwasha taa, P0171. Sasa unapanda mulima, unafinya, turbo inasukuma, ndani ya kolekteri presio inafika 140, 150. Sasa ndani njo kuko nguvu kuliko inje. Tundu ile ile inageuka, inatupa upepo inje, njo ile shiiii yako. Lakini ile upepo yenye inatupwa, debimetri ilisha ihesabu! Kompyuta inaleta esansi ya upepo yote, upepo ingine imekimbia, esansi inabaki mingi, njo moshi mweusi na njo nguvu kukosa. Tena ile marekebisho ya muda murefu yenye ilijifunza ku ralanti inaweza kuongeza esansi juu ya ile. Motere yenye haina turbo haiwezi kufanya hivi, ndani yake presio haipitake ya inje.

Kwa hiyo ukiona gari ya turbo yenye debimetri inakosa esansi ku ralanti na inazidisha esansi ku nguvu, hata sijaona gari nasema tundu iko nyuma ya papiyo. Tundu kati ya turbo na papiyo, mu intakula ao mu tiyo zake, inakupa moshi mweusi na shiiii lakini ku ralanti haisumbue sana. Na tundu kati ya debimetri na turbo inavuta saa zote, haitupake, na ile ni mubaya kwa njia ingine, juu upepo inaingia na vumbi yenye haikupita mu filtre, na vumbi inakula mabawa ya turbo pole pole. Kwa batu ba Goma na ile vumbi yenu nyeusi, hapo musilale.

Mwana_Himbi (Goma)

Katuba, aksanti sana, myezi tatu nilikuwa natafuta ile jibu. Namba zangu ni hizi: ku ralanti ya sasa hivi +7, ya muda murefu +19, yote 26. Ku 2,500 yote ni +5. Kolye nilizishika zote, moja ya intakula ilikuwa imelegea nikaikaza, moshi mweusi ukapunguka kidogo, ralanti bado. Kitu ingine, chini ya motere naona mafuta inatoka jasho, sijue kama inahusu.

Dada_Majengo (Goma)

Samahani nijiingize. Miye niko na Legacy isiyo na turbo, nilinunua ile saa ya kupima kuvuta kwa kolekteri, kitabu yake inasema motere muzuri isomwe kati ya 17 na 21 inchi za zebaki, miye nasoma 14. Ni kusema na miye nakamata upepo? Nilikuwa nataka kufungua kolekteri yote wiki hii.

Fundi_Birere (Goma)

Dada usifungue kitu. Ile namba ya kitabu ni ya fasi yenye iko karibu na bahari. Shiye hapa tuko ku metre 1,500 hivi, ziwa yenyewe iko ku 1,460, na kila metre 300 yenye unapanda unapoteza karibu inchi moja. Hapa unatoa tano hivi ku namba ya kitabu, inabaki 12 mupaka 16, kwa hiyo 14 hapa Goma ni motere ya afya. Batu ba Lubumbashi beko ku 1,200 hivi, bao bataona 13 mupaka 17 bila shida. Kitu cha kuangalia ni sindano: ikiwa imetulia sawa imesimamishwa, sawa. Ikiwa inatetemeka ao inaanguka pole pole, hapo rudi tuongee.

Himbi, namba zako zimesema yote, 26 ku ralanti na 5 ku 2,500, ni nyuma ya papiyo. Na ile jasho ya mafuta inahusu sana, tutaifikia.

Mbele ya yote upime servofreni (yenye inatumia kuvuta kwa kolekteri kusaidia pedali ya freni) juu haitake chombo. Motere imezima, finya freni mara tano mupaka ikomae, shikilia, washa motere. Pedali inapashwa kushuka kidogo. Kiisha ku ralanti finya tena na usikilize: kama ralanti inabadirika sana ama kuko sauti karibu na pedali, tundu iko mule. Kama hakuna, twende ku presio.

Nunua bushoni ya PVC ya mabomba yenye inaingia ndani ya tiyo ya mbele ya turbo, itoboe, weka valvi ya pine katikati, kolye ikaze. Ondoa debimetri njiani, usiweke presio juu yake. Ile tiyo ndogo ya pumzi yenye inatoka ku vifuniko vya motere kuingia mu tiyo ya turbo, uitoe na uzibe fasi yake, juu presio ikiingia mu karteri (tumbo ya motere yenye mafuta) inaweza kusukuma joint za vilebreke (ekseli ya motere) na utakuwa umetafuta shida mupya. Motere izimwe, papiyo ifunguliwe kidogo na mukono ili upepo ifike nyuma. Anza na bari 0.3. Usipite 0.7. Kompresa ya kado (fundi wa pine) yeyote inatosha, lakini umwambie afungue pole pole, beko bamezoea pine za lori.

Utasikia upepo kidogo ku eshapma (tiyo ya kutoa moshi), usiogope, kuko valvi zenye zimebaki wazi na upepo inapita mu silinda. Usikilize ile kubwa. Maji ya sabuni fasi zote, povu itakuonyesha. Kiisha toa kifuniko ya mafuta uweke sikio pale: upepo ya nguvu pale ni kusema valvi ya PCV (yenye inapitisha pumzi ya karteri kwenda mu kolekteri) haifunge.

Katuba_Turbo (Lubumbashi)

Kama presio inashindwa kuonyesha, tumia moshi, miye njo napendaka kupita yote. Mukebe ya rangi yenye kifuniko ya kukaza, tiyo mbili, moja ya kuingiza upepo moja ya kutoa, ndani bujii ya kupasha ya motere ya mazutu yenye imefungwa kitambaa ya pamba, na mafuta safi ya watoto ya kujipaka yenye haina maji. Waya ku batri, pamba inatoa moshi mweupe muzito. Presio iwe kidogo sana, kama ya kinywa, usilete kompresa ya kado hapa hata siku moja, mukebe itafunguka na mafuta ya moto ikurukie. Fanyia inje, motere ikiwa ya baridi. Unaona moshi inatoka fasi yenye mukono haifikie, na ku EJ20 hizo fasi ni mingi juu intakula imefunika kila kitu.

Panzi_04 (Bukavu)

Fundi nimesoma habari ya yule kijana, kweli miye nilikuwa nafanyaka ku Carina na Corolla zisizo na turbo tu, sikufikiria chuma ya turbo. Sitasema tena. Himbi ukitoa intakula angalia chini yake, kuko tiyo za mpira zenye miaka 20, hizo hazina rehema.

Mwana_Himbi (Goma)

Wandugu tumeipata!!

Jumamosi tulienda kwa kado wa hapa Ndosho na bushoni ya PVC, freni nilisha pima ikawa sawa. Tuliweka 0.3, mara moja shiiii, kubwa, lakini haionekane, sauti inatoka chini ya intakula. Tulitoa intakula, tukafunga njia na tiyo ingine ya mpira, tukaweka presio tena, Fundi mwenyewe alikuja juu ya pikipiki na tochi yake (Mungu akubariki kaka, hukukubali hata maji ya kunywa). Maji ya sabuni ikamwagika pale nyuma chini ya kolekteri na povu ikatoka kubwa sawa ngumi.

Ni ile tiyo fupi ya mpira yenye inatoka mu kolekteri kwenda ku valvi ya PCV, yenye kukunjama. Nilipoishika ilikuwa laini sawa ndizi yenye kuoza, imevimba na mafuta, na chini mu kona imepasuka urefu wa kidole. Lakini kitu chenye kiliniumiza roho: mutu alisha iona mbele yetu. Ilikuwa imezungushwa kipande ya mpira ya ndani ya pine ya pikipiki, ikakazwa na waya mara mbili. Juu inaonekana nzima. Chini ile mpira ya pine ilisha kuliwa na mafuta, imekuwa nata, inafunguka na kufunga yenyewe. Njo maana ku baridi ilikuwa inaziba na ikipata moto inafunguka. Na mwenye alifanya vile akafunga intakula juu yake na hakuandika, hakusema, miye nikanunua bujii na sonde.

Valvi yenyewe nilipuliza na kinywa pande mbili, ilikuwa inapita pande zote mbili. Fundi alisema njo ile jasho ya mafuta: turbo ikisukuma, valvi inapashwa kufunga, hii ilikuwa inaachia presio kuingia mu karteri na kusukuma mafuta ku joint. Nilipata valvi na tiyo ya kukunjama ku mutu wa vipande vya Japani, dola 35 zote mbili, tiyo ni ile yenye kuvumilia mafuta, siyo ya maji. Kolye mupya mbili.

Namba za leo nyuma ya kufuta kodi na kuzunguka mupaka Sake na kurudi: ku ralanti yote +3, ku 2,500 +2. Sindano imesimama ku 700. Nilipanda Kibati, hakuna shiiii, na mutu mwenye alikuwa nyuma yangu na gari yake anasema hakuona moshi.

Fundi_Birere (Goma)

Njo hivyo. Safisha ile jasho ya mafuta chini kabisa na petroli ya taa na brashi motere ikiwa ya baridi, kiisha endesha wiki mbili uangalie. Ikibaki kavu, joint zako nzima. Ikirudi, unijulishe mbele hujaenda mu garaji.

Na ile tiyo ya zamani usiitupe, unipatie. Niko na vijana watatu banajifunza, nataka bashike na mukono ule mpira ya pine mbele bafikirie kufunga kitu sawa ile ku gari ya mutu.

Katuba_Turbo (Lubumbashi)

Himbi, kitu kimoja tena. Esansi ya ziada ya ile myezi tatu iliosha silinda na ikaingia mu mafuta. Vuta jiti ya mafuta unuse, kama inanuka esansi badirisha mafuta na filtre yake wiki hii, usingoje kilometre zifike. Turbo inategemea ile mafuta.

Mwana_Himbi (Goma)

Nimevuta sasa hivi. Inanuka. Kesho asubui naibadirisha.